Utii wa mtawa una mipaka yake

"Mtawa hana sauti. Akishaambiwa, kazi yake ni kuitika."

Kati ya dhana potofu kuhusu utii wa watawa, hii inavuma kuliko zote, na baadhi ya walezi wa unovisi, yaani malezi ya watawa wapya, wameisaidia kuota mizizi. Ukweli ni kwamba nadhiri ya utii imewekewa mipaka tangu zamani. Kanuni ya 601 ya Sheria za Kanisa inasema mtawa huwatii wakuu halali wanapoamuru kwa mujibu wa katiba ya shirika. Fransisko wa Asizi, katika Kanuni yake, yaani mwongozo wa maisha ya ndugu zake, iliyothibitishwa na Papa mwaka 1223, aliwataka ndugu zake watii katika yale waliyomwahidi Bwana, yasiyo kinyume cha roho zao. Hata Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliyetaka mtii awe kama maiti anayebebwa popote, aliweka sharti: pasipo dhambi.

Tuseme Sista anafundisha hesabu kidato cha pili, mara inafika barua ya uhamisho: aende mkoa mwingine kusimamia banda la kuku la shirika. Akinyamaza na kulia usiku, wengi watamsifu kwa utii. Lakini Mtakatifu Benedikto, ambaye Kanuni yake inafuatwa hadi leo katika monasteri za Peramiho, Ndanda na Hanga nchini Tanzania, alitenga sura nzima, ya 68, kwa mtawa aliyeagizwa jambo linalomshinda. Kwanza alipokee kwa upole. Akiona mzigo umemzidi, asubiri wakati unaofaa, aeleze sababu bila kiburi wala ubishi. Kwa hiyo Sista ana ruhusa kabisa ya kubisha hodi: "Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Barua nimeipokea. Naomba nikueleze habari ya pumu yangu na vumbi la kuku." Hajavunja nadhiri yoyote. Mwenye wajibu sasa ni Mama Mkuu, maana kanuni ya 618 inamtaka awasikilize watawa wake kwa moyo.

Akishasikiliza, bado yeye ndiye anayeamua. Akishikilia agizo lake, asema Benedikto, mtawa atii kwa upendo akitegemea msaada wa Mungu. Wanaodhani kwamba baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano utawa umekuwa wa kupiga kura wamepotea upande wa pili. Kwa maoni yangu nadhiri hii huuma kuliko zile nyingine mbili, za ufukara na useja, kwa sababu inaweza kukuondoa kwenye kazi unayoipenda na kuiweza.

"Mkuu ni lazima ajue yote yaliyo moyoni mwako." Hapa siwezi kupita haraka. Kanuni ya 630 inamkataza mkuu kumshawishi mtawa kwa njia yoyote ile amfunulie dhamiri yake. Mtawa akitaka mwenyewe kumweleza, ni hiari yake. Basi anayeambiwa "fungua moyo wote, ndio utii" anadaiwa kitu ambacho Kanisa limekataza kudaiwa, hata kama anayedai ana nia njema.

"Mkuu ni mfalme wa nyumba." La. Kwa kawaida ana kipindi maalumu cha uongozi, ana baraza la washauri, na juu yake upo mkutano mkuu wa shirika.

"Padre wa jimbo naye ana nadhiri ya utii." Huyo humwahidi askofu wake utii, nadhiri ni za watawa.

"Asiyetii hutimuliwa kesho yake." La, na hata adhabu iliyotolewa huweza kuondolewa: mwaka 1871 askofu wa Adelaide, Australia, alimtenga na Kanisa Mary MacKillop, mwanzilishi wa shirika la masista, kwa madai ya ukaidi. Adhabu iliondolewa Februari 1872, na mwaka 2010 Mary akatangazwa mtakatifu. Leo, kumfukuza mwenye nadhiri za daima kwa ukaidi kunahitaji jambo zito, maonyo mawili ya maandishi au mbele ya mashahidi wawili, yakipishana walau siku 15, na nafasi ya kujitetea. Hata amri ya kumwondoa ikishatoka anaweza kukata rufaa, na mwaka 2023 Papa Fransisko aliongeza muda wa kufanya hivyo kutoka siku 10 hadi 30.