Kamera haikuwepo bomu lilipolipuka

Wengi huamini kwamba filamu ya makala kuhusu ukatili wa kibaguzi lazima ionyeshe ukatili wenyewe, la sivyo haina uzito. Si kweli. Bomu lililoua wasichana wanne katika kanisa la Kibaptisti la 16th Street, Birmingham, Alabama, Marekani, tarehe 15 Septemba 1963, halikunaswa na kamera yoyote. Mwongozaji Spike Lee alipotengeneza filamu ya makala 4 Little Girls (1997) kuhusu mauaji hayo, aliwaketisha wazazi, ndugu na majirani, akawaacha waseme. Baba wa Denise McNair, aliyeuawa akiwa na miaka 11, anakumbuka siku bintiye alipotamani sandwichi dukani, naye ikambidi amweleze kwamba hawezi kuipata kwa kuwa ni mweusi. Hakuna damu hapo. Kuna uso wa mzazi tu, na mimi nilishindwa kuutazama bila machozi.

Na wanaodhani wauaji hawakujulikana, wanakosea pia: FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikuwa na majina ya washukiwa kufikia 1965. Hata hivyo, Robert Chambliss alitiwa hatiani 1977, Thomas Blanton 2001, Bobby Frank Cherry 2002. Mshukiwa wa nne, Herman Cash, alifariki 1994 bila kushtakiwa.