Safari ya nje na familia nzima: vipimo, chanjo na vyeti, maswali yanayoulizwa sana

Wazazi wengi wanauliza haya wakiwa tayari wameshabuku tiketi, wengine wakiwa tayari kwenye foleni, na inauma sana kuona familia inarudishwa kwa ajili ya karatasi ya mtoto mmoja. Kwa hiyo kabla ya yote shika hili: sheria za kuingia nchi haziangalii familia, zinamwangalia mtu mmoja mmoja. Baba ana umri wake na cheti chake, bibi vivyo hivyo, na yule mdogo wa miezi 8 naye ana sheria yake. Ukisoma sharti mara moja ukadhani limewahusu wote, hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Korona si iliisha? Kwa nini bado tuongee habari za vipimo na chanjo za safari?

Dharura ndiyo iliyoisha, virusi bado vipo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020 na likaiondoa tarehe 5 Mei 2023, lakini nchi hazikufungua milango siku moja. Uingereza walifuta masharti ya korona kwa wasafiri Machi 2022, Kanada Oktoba 2022, China wao waliendelea kudai kipimo cha kabla ya safari mpaka mwisho wa Agosti 2023. Marekani ndiyo iliwachanganya watu zaidi maana kipimo waliacha kukidai Juni 2022 ila sharti la chanjo kwa wageni wanaoingia kwa ndege likabaki mpaka Mei 2023, sasa mtu alisikia "Marekani wamefungua" akafunga mabegi, kumbe kilichofunguliwa ni nusu tu. Ndo maana swali la "wamefungua au bado?" halisaidii, uliza kipimo peke yake, chanjo peke yake, na fomu za kujaza peke yake.

Na kuna magonjwa ambayo vyeti vyake havikwenda popote: homa ya manjano, polio, homa ya uti wa mgongo. Halafu Kanuni za Afya za Kimataifa zilirekebishwa, na tangu tarehe 19 Septemba 2025 zina ngazi mpya kabisa inayoitwa dharura ya janga, yaani dunia yenyewe inajiandaa kwa lijalo. Familia inayosafiri ijiandae pia.

Mimi nimechanja dozi zote, kwa nini nidaiwe tena kipimo?

Kwa sababu ni maswali mawili tofauti. Chanjo inapunguza sana uwezekano wa kuugua vibaya na kufa, lakini aliyechanja anaweza kupata virusi na akaambukiza. Kipimo kinasema hali yako ya saa ile uliyotolewa sampuli, basi, kesho hakiijui.

PCR, kipimo cha maabara, inatafuta vinasaba vya kirusi, inaona hata vikiwa vichache mno, ndo maana mtu aliyepona anaweza kuendelea kusoma "chanya" kwa wiki kadhaa, wengine hata karibu miezi 3, wakati haambukizi tena. Kipimo cha haraka cha antijeni kinatafuta protini ya kirusi, majibu ndani ya dakika 15 hadi 30, ila mwanzoni mwa maambukizi kinaweza kukukosa. Kuna na kile cha damu cha kutafuta kingamwili, hicho usikilipie kwa ajili ya safari, kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi au chanjo, hakisemi kama unaumwa leo, na mipakani kwa kawaida hakikubaliki.

Wanaposema "kipimo cha ndani ya saa 72" wanahesabu kuanzia wapi?

Hapa tukae kidogo maana ndipo pesa na safari nyingi zilipopotelea. Saa kwa kawaida zinaanza kuhesabiwa pale kijiti kinapotolewa puani. Siku ya kupokea majibu haihesabiki, na tarehe ya kuprinti cheti haihesabiki. Sasa zinaishia wapi? Nchi nyingine wanasema mpaka ndege inaporuka, nyingine mpaka unapotua, na hilo neno moja linabadilisha kila kitu.

Chukua mfano. Ndege yenu inaruka Ijumaa saa 4 usiku, safari nzima na kubadilisha ndege ni saa 14. Mkipimwa Jumanne saa 3 asubuhi, mpaka ndege kuruka ni saa 85, mmeshaharibu. Mkipimwa Jumatano saa 3 asubuhi ni saa 61 mpaka kuruka, safi kabisa, lakini kama nchi inahesabu mpaka kutua zinakuwa saa 75, mmekwama tena. Jumatano saa 10 jioni ni saa 54 mpaka kuruka na 68 mpaka kutua, mnapita kote kote na bado mna akiba kidogo ndege ikichelewa. Na usichanganywe na tofauti ya majira kati ya nchi na nchi, hesabu saa zinazopita kweli, usisome saa ya ukutani ya mnakofikia.

Angalia pia kama wanasema saa au siku. Marekani kuanzia tarehe 6 Desemba 2021 walidai kipimo cha siku 1 kabla ya kuruka, na wakaeleza kuwa ni siku ya kalenda, yaani ukisafiri Ijumaa usiku, kipimo cha Alhamisi muda wowote kilikubalika hata kama saa 24 zimepita. Nchi nyingine ilikuwa ni saa kwa saa, dakika moja ikizidi unarudi.

Familia ikipimwa pamoja, muda wa kila mmoja uandikwe wake. Ukiona watoto wanne wameandikiwa saa moja na dakika moja ileile, uliza hapohapo, maana kwenye kaunta mtu anaweza kutilia shaka vyeti vyote.

Watoto wadogo nao wanapimwa na kuchanjwa?

Inategemea umri, na umri wa kupimwa si lazima uwe sawa na wa kuchanjwa hata ndani ya nchi moja. Wakati ule wa korona Marekani hawakudai kipimo kwa mtoto chini ya miaka 2, lakini sharti la chanjo kwa wageni waliwaondolea wote walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtoto wa miaka 5 alisamehewa chanjo ila kipimo alidaiwa, na wazazi wengi waliishia kusoma mstari wa kwanza tu. Soma umri wa kila mtoto kwa tarehe ya safari, maana kuna mtoto anayetimiza miaka 2 au 12 mkiwa hukohuko na wakati wa kurudi ameshaingia kundi lingine.

Siku ya kupimwa mpakate mtoto, mgongo wake uegemee kifua chako, mkono wako mmoja uzungushe mikono yake na mwingine utulize paji la uso, hapo kijiti kinaingia na kutoka mara moja, akigeuza kichwa ndipo anapoumia. Usimwambie haiumi. Mwambie itatekenya na kuchoma kidogo halafu inaisha, mtoto uliyemwambia ukweli mara ya kwanza atakaa tulivu mkipimwa tena wakati wa kurudi. Na uliza mapema ni sampuli gani inakubalika mnakokwenda, kuna nchi zilitaja hata hilo, Japan kwa mfano, ukija na kipimo cha sampuli isiyo kwenye orodha yao kinaweza kukataliwa.

Chanjo za kawaida za mtoto msizisahau kwa kukimbizana na kipimo cha mpakani. Surua inasambaa haraka kuliko korona. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayekwenda sehemu yenye mlipuko anaweza kupewa dozi ya mapema, ila hiyo haihesabiwi, ratiba yake ya kawaida inaendelea kama ilivyo.

Nilichanja, kadi ninayo, lakini wanasema chanjo yangu haitambuliki. Inakuwaje?

Ilitokea kwa watu wengi sana na haikuwa haki kwao. Mwaka 2021 WHO ilikuwa na orodha yake ya chanjo za dharura, ndani yake Pfizer, AstraZeneca, Janssen, Moderna, Sinopharm, Sinovac na Covaxin, lakini kila nchi ilibaki na uhuru wa kuamua inakubali zipi. Sputnik V haikuingia kwenye orodha hiyo, na waliochanja hiyo walipata shida. Hata AstraZeneca iliyotengenezwa India kwa jina la Covishield, baadhi ya nchi za Ulaya mwanzoni hazikuitambua.

Cha kuangalia ni jina la chanjo na namba ya toleo, tarehe ya kila dozi, na muda. Muda una pande mbili, mapema mno na kuchelewa mno. Umoja wa Ulaya walidai siku 14 zipite baada ya dozi ya mwisho ya chanjo za mwanzo, halafu kuanzia Februari 2022 wakaweka kikomo cha siku 270 kama hujapata busta, yaani dozi ya nyongeza. Mtu alikuwa amechanja kikamilifu na bado kwenye mfumo anasoma muda umekwisha.

Kadi ya njano je? Tunasikia tu homa ya manjano, kwa mtoto inakuwaje?

Kadi ya njano ndiyo cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kuchanja jana na kusafiri leo hakusaidii kitu. Ukishachanja ni maisha yako yote, hilo limeanza tarehe 11 Julai 2016 na linahusu hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10, usikubali kuchanjwa tena kwa sababu tu mtu ameangalia tarehe.

Mtoto chini ya miezi 6 hapewi kabisa, ni hatari kwake. Miezi 6 mpaka 8 kwa kawaida hapewi pia isipokuwa kuna mlipuko na daktari ameamua hivyo. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kinga iliyoshuka, mzio mkali wa mayai, na wazee wa miaka 60 na zaidi wanaochanja kwa mara ya kwanza, hao wote wakae na daktari kwanza. Kama daktari ameona usichanje anakujazia msamaha wa kitabibu kwenye kadi, usafiri nao, lakini jua kwamba nchi unayoingia bado inaweza kukuweka chini ya uangalizi, Kanuni za Afya za Kimataifa zinaruhusu hadi siku 6. Hii chanjo ni ya virusi hai, na ya surua pia, zinatolewa siku moja au zipishane wiki 4, kwa hiyo usiende kliniki wiki ya mwisho.

Kwa Hija, Saudia wanadai chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayokinga aina nne za vimelea, ACYW, isiyopungua siku 10 kabla ya kufika, kuanzia umri wa mwaka 1. Na ukitoka nchi yenye polio angalia kama unadaiwa dozi ya ziada, kwa kawaida ni kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya safari.

Nani mwenye neno la mwisho, ubalozi au shirika la ndege?

Sheria ni ya nchi unayoingia, lakini anayekuzuia kupanda ni yule wa kaunta ya shirika la ndege, na yeye anasoma kwenye mfumo wake. Kwa hiyo soma tovuti ya serikali ya mnakokwenda, halafu piga simu shirika la ndege uwasomee umri wa kila mtu. Nchi ya kubadilishia ndege nayo ina masharti yake, na kuna nchi zinazodai kadi ya njano kwa kukaa tu zaidi ya saa 12 kwenye eapoti ya nchi yenye ugonjwa. Rudia kuangalia siku 2 au 3 kabla, maana Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipotokea mwishoni mwa Novemba 2021 masharti yalibadilika watu wakiwa njiani.

Karatasi: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, aina ya kipimo, saa ya sampuli, jina la maabara, na msimbo wa QR unaofunguka. Ufungue mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani. Printi kila cheti, skrinshoti weka kwenye simu mbili, chaji zinaisha.

Tumepimwa wote, mtoto mmoja tu amekutwa na virusi. Tufanyeje?

Asisafiri, na mzazi mmoja abaki naye. Najua inauma, tiketi zimelipwa na bibi anasubiri upande wa pili, lakini ndani ya ndege kuna watu wenye saratani, kuna wajawazito, kuna vichanga. Wengine wa familia waliokaa naye chumba kimoja majibu yao ya leo yanaweza kubadilika keshokutwa, ndo maana mara nyingi ni bora wote muahirishe. Piga simu shirika la ndege kabla ndege haijaruka, ukikaa kimya ukahesabiwa hukutokea unaweza kupoteza tiketi yote. Cheti cha majibu hayo usikitupe, ndicho utakachotumia kudai bima, na kwenye nchi zilizokubali uthibitisho wa kupona, kama Marekani ilivyofanya kwa maambukizi ya siku 90 zilizopita pamoja na barua ya daktari, hicho hicho ndicho kilichomwezesha mtoto kusafiri baadaye bila kusubiri PCR isome hasi.

Nyumbani mpe maji mara kwa mara, homa ishushwe kwa dawa inayolingana na uzito wake, na akianza kupumua kwa shida, kugoma kunyonya au kulegea, safari wekeni pembeni mkimbizeni hospitali.