Kupewa rufaa si kufukuzwa
Wengi huamini kwamba mshauri nasaha akikuandikia rufaa, yaani akikuelekeza kwa mtaalamu mwingine, basi kazi imemshinda au amekuchoka. Sivyo. Chukua mtu anayesinzia mchana kutwa, kanenepa, hana hamu ya chochote, na anajifunika kanga mbili jua likiwaka. Utasema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Lakini tezi ya shingoni ikifanya kazi kwa ulegevu, dalili huwa hizo hizo, na maongezi hayaitibu. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu, kisha daktari. Mshauri anayekupeleka huko anajua mafunzo yake yanaishia wapi. Mimi namwogopa zaidi yule anayekutajia ugonjwa hata chai haijapoa. Rufaa ya maana huja na barua, tena kwa ridhaa yako kabla siri zako hazijasafiri.