Picha Ndogo za Sura za Enzi ya Malkia Victoria: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba picha ndogo ya sura, ile inayoweza kufumbatwa kiganjani, ilikuwa anasa ya wafalme na makabaila peke yao. Ni kweli kwamba Malkia Victoria alizithamini sana, hata alipolitangazia Baraza lake nia ya kuolewa, Novemba 1839, alikuwa amevaa bangili yenye sura ya mchumba wake, Albert. Hata hivyo, maofisa wa jeshi, wafanyabiashara na makasisi nao walichorwa, hasa pale kazi ya India ilipomtenga mume na mkewe kwa miaka.

Dhana nyingine ni kwamba picha hizi zote ni za rangi ya mafuta. Nyingi zilichorwa kwa rangi ya maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu, ambacho hupitisha mwanga na kuipa ngozi ya mchorwaji uhai. Kwa sababu hiyo, anayeisafisha kwa kitambaa chenye maji huufuta uso wenyewe. Hapa ndipo historia yake inapogusa pwani yetu, kwani katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe duniani, na pembe zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka bara zilifika hadi London. Kwangu mimi, si haki kusimulia nasaba ya aliyechorwa na kuinyamazia safari hiyo.

Dhana inayowapotosha zaidi watafiti wa nasaba ni kwamba jina lililoandikwa nyuma ya picha lazima liwe la aliyechorwa. Mara nyingi ni la mchoraji, pamoja na anwani yake, na anwani hiyo ni hazina, kwa sababu vitabu vya anwani vya London huonyesha ni miaka ipi aliishi hapo. Jina lililoongezwa na mjukuu baadaye ni ushahidi wa kusikia tu, na linapaswa kupimwa kwa mavazi. Mikono ya gauni iliyofura sana ilianza kuachwa mnamo 1836. Basi msichana aliyevaa mikono ya kubana, nywele zimepasuliwa katikati na kulazwa juu ya masikio, yaelekea alichorwa miaka ya 1840, wala hawezi kuwa shangazi aliyezikwa mwaka 1825. Kumbukumbu za serikali nazo zisomwe kwa uangalifu. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo katika England na Wales ulianza Julai 1837, na katika sensa ya 1841 umri wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa kwa mafungu ya miaka mitano, hivyo mtu wa miaka 34 aliandikwa 30. Asiyelijua hilo humkataa babu aliye sahihi.

Nywele za mpendwa zilizosukwa na kuhifadhiwa nyuma ya fremu ya picha si dalili ya msiba kila mara, kwani wapenzi walio hai walipeana pia.

Wapo pia wanaoamini kwamba kuuza picha hizi Uingereza leo ni haramu kabisa. Sheria ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inaruhusu zile zilizotengenezwa kabla ya 1918 zisizozidi sentimita za mraba 320, mradi mwenyewe azisajili kwanza.