Mafundi wa Formula 1 hawatufundishi kuharakisha

Mameneja wengi wakiona gari la mbio za Formula 1 likibadilishwa matairi manne kwa sekunde mbili na ushei, hurudi ofisini na agizo moja: ongezeni kasi. Hapo ndipo tunapokosea. Kasi ile ni matokeo tu. Kila gurudumu lina watu watatu: mmoja hufungua na kufunga nati, wa pili huondoa tairi lililochakaa, wa tatu huingiza jipya. Hakuna anayeuliza zamu ni ya nani. Ofisini ankara hupita meza tatu, kila meza ikidhani nyingine imeshaikagua.

Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ililielewa hili vizuri. Watoto waliotoka kupasuliwa moyo walipofikishwa chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ziliunganishwa huku maelezo yakitolewa, watu wakizungumza kwa pamoja. Madaktari wakaomba ushauri kwa timu ya Formula 1 ya Ferrari. Utaratibu mpya ulimpa daktari wa usingizi usimamizi. Mashine kwanza, kisha maelezo, mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha makosa yamepungua, na makabidhiano hayakuchukua muda mrefu zaidi.