Kibali cha maji hakihami na bomba

Wiki hii tena. Mtu amenunua shamba Tiwi, pwani ya Kenya, minazi, kisima kirefu na kibali halali cha WRA (mamlaka ya rasilimali za maji), sasa anataka kuvuta bomba hadi Diani anakojenga nyumba za kupangisha. "Kibali kipo, si ni kubadilisha jina tu?" Aliyemwambia hivyo ni dalali, na nadhani madalali wote wa Kwale wamesomea darasa moja, maana sentensi hufika kwangu mimi mpima visima ileile, neno kwa neno.

Dalali hajadanganya yote. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kibali hufungwa kwenye kipande cha ardhi au shughuli iliyotajwa ndani yake. Ardhi ikiuzwa, kibali huifuata. Jina hubadilishwa, yakaisha. Lakini kinachofuata ardhi ni ruhusa ya kutoa kiasi kile, kwa matumizi yale, palepale. Maji yenyewe hayajawahi kuwa ya muuzaji, yako mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Ukinunua matatu yenye leseni ya Likoni–Ukunda, gari ni lako, ila hujapata ruti ya Malindi.

Kwa hiyo kibali cha kumwagilia hakigeuki kuwa cha kuogesha wapangaji eti kwa sababu hati ina jina jipya. Unaomba mabadiliko, na kwa kazi ya ukubwa huo jiandae kana kwamba unaanza upya: ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini, upimaji wa kisima, maoni ya majirani na chama cha watumiaji maji. Uzito wake unategemea daraja la kibali, A hadi D. Daraja D ndilo la mambo makubwa, kama kuhamisha maji kutoka bonde la mto mmoja hadi la mwingine: Nairobi iko bonde la Athi na maji yake mengi yanatoka bonde la Tana. Wewe wa Tiwi hadi Diani hufiki huko, usijitishe.

Leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ni ya mradi, haikupi hata tone. Bomba kukata barabara ni ruhusa nyingine, kupita kwenye shamba la mtu ni nyingine. Ukianza kuuza maji umeingia kwa WASREB (wadhibiti wa huduma za maji) na kaunti, waulize mapema.

Sasa linalonipandisha presha. "Kisima kina maji mengi, pampu haijawahi kuvuta hewa." Pwani hilo si swali! Huku maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Hesabu ya darasani inasema kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na takriban mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Ukiishusha ile moja, mpaka wa chumvi unaweza kupanda 40. Mkulima alikuwa akipampu asubuhi kidogo, kisha kisima kinapumzika. Nyumba za wageni hazipumziki, na zinajaa Desemba, kaskazi imeingia, mvua imekwisha, kila mtu anataka bwawa la kuogelea. Jumla ya mwaka inaweza kubaki ileile kwenye karatasi na kisima kikaharibika.

Siku ya kupima, mteja husimama karibu na mdomo wa kisima akiuliza kina cha maji. Kina kimetulia, anatabasamu. Mimi niko kwenye ndoo na kipimo cha chumvi, na namba inapanda kidogo kila saa. Haipandi kwa kishindo, ndiyo maana hakuna anayeiogopa.

Nami sina uhakika wote. Kupampu saa 24 hakuniambii kitakachotokea baada ya misimu miwili ya mvua mbovu. Fomu ina nafasi ya kiwango salama cha kupampu, nami naijaza, na ninapunguza namba kwa uzoefu, ambao ukinibana nitakiri ni kukisia kwa adabu. Mwenzangu hodari anaweza kuandika nyingine na sote tukawa na hoja. Umbali unaopendekezwa kati ya kisima na kisima nao una mashaka yake: kwenye mwamba wa matumbawe maji hupita mapangoni, hayafuati duara ninalochora kwenye ramani. Na visima vya kamba vya wazee wetu, vingi havimo kwenye daftari lolote.

Kabla ya kulipa, dai kibali chenyewe, si picha ya WhatsApp. Soma matumizi, kiasi kwa siku, namba ya ploti na tarehe ya kuisha, kwa kuwa vibali hivi huisha. Kisha angalia mita, kama ipo na kama inazunguka. Mwambie wakili aandike kwamba fungu la mwisho la bei lisubiri jibu la WRA. Muuzaji akigoma, toa bei ya kisima kwenye hesabu, nunua ardhi tupu.