Droo kwenye chesi ni nini, na mbona wakali ndo wanatoka droo sana?

Droo ni gemu imeisha hamna mshindi, kila mmoja anaondoka na nusu pointi. Inakuja kwa njia kadhaa: mnakubaliana tu mezani, au mpangilio uleule wa kete umejirudia mara tatu, au zimepita muvu 50 kila upande bila kete kuliwa wala pawni (zile kete ndogo) kusogea, au mfalme hajapigwa cheki (hajashambuliwa) ila mwenye zamu hana muvu yoyote halali (hii inauma sana kama ulikuwa unaongoza), au kete zilizobaki haziwezi kumuua mfalme, mfano farasi mmoja peke yake.

Sasa watu wakisikia droo wanafikiria bila bila ya mpira, timu zimepaki basi. Si lazima iwe hivyo. Angalia London, Novemba 2018, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana wanagombea ubingwa wa dunia, reitingi zao (pointi za kupima ukali wa mchezaji) 2835 kwa 2832, yaani hamna wa kumpita mwenzake. Gemu ya kwanza Carlsen na kete nyeusi akambana Caruana kwelikweli, muda wa Caruana unayoyoma, Carlsen akakosa nafasi ya kummaliza, afu wakaingia mwisho wa gemu ngome kwa ngome, Carlsen ana pawni ya ziada anasukuma tu na mwenzake anazuia tu, muvu 115, kama masaa saba hivi. Droo. Mbele kwa pawni moja mara nyingi haitoshi kama aliye upande wa pili anajua kuzuia, na hawa wanajua.

Gemu zote 12 za kawaida, zile za muda mrefu, zikaisha droo.

Ila zipo droo za kukwepa vita pia, tusidanganyane. Gemu ya 12 Carlsen alikuwa na nafasi nzuri zaidi na muda mwingi kwenye saa, sheria ya pale ilikataza kukubaliana droo kabla ya muvu ya 30, yeye muvu ya 31 akaomba droo. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, akashangaa hadharani, akasema sasa anatilia shaka kama Carlsen bado ndo wa kupewa nafasi kwenye rapidi, yaani gemu fupi za kuamua mshindi. Hesabu ya Carlsen ilikuwa kwamba kwenye gemu fupi yeye ni moto zaidi, na alipofika huko alimpiga Caruana 3-0.